Namba ya NIDA haibadiliki: taarifa zikivuja, nani abebe mzigo?

Namba ya Utambulisho wa Taifa, inayotolewa na NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ya Tanzania, ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukimpa mtu namba hiyo umempa na umri wako, na ukishampa hakuna dirisha la kwenda kuomba nyingine. PIN ya pesa za simu unaweza kuibadilisha ukiwa umesimama kwenye foleni. Nywila ya barua pepe unaibadilisha leo jioni. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na alama ya kidole vinabaki vilevile mpaka siku ya kufa.

Naanza na hilo kwa sababu kila tunapozungumzia kuvuja kwa taarifa binafsi, mazungumzo huishia kwenye ushauri uleule: mwananchi awe makini, asimpe mtu namba ya siri, asibonyeze kiungo asichokijua. Ushauri ni mzuri na nitauongezea mengine huko mbele. Lakini unamhusu mtu ambaye bado ana siri ya kulinda. Mama ambaye taarifa zake zimechotwa kwenye kanzidata ya ofisi ya umma utamwambia nini? Yeye hakumpa mtu PIN. Alijaza fomu, kwa sababu bila kuijaza asingepata huduma.

Msimamo wangu ni kwamba taarifa zikishavuja, kinga ya maana iliyobaki ni kuzinyima nguvu. Ofisi za umma, benki na kampuni za simu ziache kumkubali mtu kuwa ni fulani kwa sababu tu anajua namba ya kitambulisho, majina matatu na tarehe ya kuzaliwa ya huyo fulani. Vitu hivyo havijawahi kuwa siri, na kazi ya kurekebisha jambo hili ni ya waliotutaka tuvitoe.

Tuangalie vinavyosambaa hapa Dodoma, mji ambao tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 umekuwa makao makuu ya makaratasi ya nchi nzima. Wizara ziko Mtumba. Sekretarieti ya Ajira iko hapa. Bunge liko hapa. Kila siku mabasi yanashusha watu stendi ya Nanenane, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR nayo inawaleta, wengi wakiwa wameshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, nakala ya kitambulisho, picha ndogo za pasipoti na barua ya mtendaji. Ukiipoteza bahasha hiyo, aliyeiokota amekupata mzima.

Ingia steneshenari yoyote iliyo jirani na chuo au ofisi ya halmashauri saa nne asubuhi, tuseme ni kipindi cha kuomba mikopo ya elimu ya juu au nafasi za ajira zikiwa zimetangazwa. Kijana aliyeko kwenye kompyuta hana hata muda wa kuinua kichwa. Wateja wanamtumia nyaraka kwa WhatsApp, naye anazishusha kwenye kompyuta ileile inayotumiwa na kila mtu. Uso wa kompyuta umejaa mafaili: «NIDA mbele», «NIDA nyuma», «cheti form four», «barua ya mtendaji mpya». Pembeni kuna kaunta buku. Mteja akifunguliwa akaunti, barua pepe na nywila yake vinaandikwa humo, maana wiki ijayo atarudi na atakuwa amesahau. Kijana hana nia mbaya. Anafanya kazi ambayo mfumo wenyewe haukuifanya, ya kumshika mkono mtu asiye na kompyuta wala bando. Lakini daftari lile lina funguo za mamia ya watu, na usiku linalala kwenye droo isiyo na kufuli.

Nenda gesti. Daftari la wageni linataka jina kamili, kabila, ulikotoka, unakokwenda, namba ya simu na namba ya kitambulisho, na liko wazi pale mapokezi. Ukijaza mstari wako unasoma na ya waliokutangulia. Nenda kwa wakala wa laini mwenye mwavuli wake karibu na soko la Majengo. Wengi wao ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Wapo pia wanaojua mchezo wa kumwambia mzee kutoka kijijini, «Haijasoma baba, weka tena kidole», na kidole cha pili kikasajili laini nyingine ambayo mzee hataiona kamwe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia mwisho wake Januari 2020, tuliambiwa utamaliza utapeli wa simu. Utapeli uliendelea, ila sasa laini inayotumika ina jina la mtu asiyehusika.

Hayo ni ya mitaani, na nimeyaeleza kwa urefu kwa makusudi. Mfumo wa ofisi ya umma ukivuja, kinachovuja kinakuja kuungana na haya. Mwizi hahitaji faili zima kutoka sehemu moja. Namba ya kitambulisho anaipata huku, namba ya simu kule, na kutoka kwenye kanzidata iliyodukuliwa anapata kitu kimoja tu ambacho mtaani hakipatikani: anajua una shughuli gani na Serikali.

Ndipo hatari inapobadilika sura. Sote tunaijua meseji ya «ile pesa tuma kwenye namba hii». Ni ya kubahatisha, inatumwa kwa watu elfu ili anase mmoja, na wengi tunaifuta tu. Sasa chukulia mzee wa Nzuguni anapigiwa simu na kijana mwenye adabu zake. «Shikamoo baba. Naongea kutoka ardhi. Ni wewe mwenye kiwanja namba kadhaa, kitalu D?» Mzee anaitikia marahaba, ndiyo mimi. Kijana anamsomea majina yake matatu, namba yake ya kitambulisho, na mwaka aliolipia mara ya mwisho. Halafu anamwambia kuna deni la pango la ardhi, na kiwanja kitaondolewa kwenye mfumo leo saa kumi, hivyo atume fedha kwenye namba atakayotumiwa. Hapa Dodoma, ambako iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri, na ambako wenye viwanja wengi bado wanatembea na nyaraka za zama zote mbili, mzee huyo ana kila sababu ya kuogopa. Meseji ya kubahatisha ameshaicheka mara nyingi. Hii hataicheka, kwa sababu aliyepiga anajua.

Maana yake ni kwamba kosa la ofisi limegeuzwa kuwa uaminifu wa mwizi. Kumwambia mzee huyu kwamba hakuwa makini ni kumwonea.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Julai 2019, Bulgaria, nchi yenye watu takriban milioni 7, ilijikuta taarifa za mamlaka yake ya mapato ziko mikononi mwa waandishi wa habari, zimetumwa kwa barua pepe na aliyezichota. Zaidi ya watu milioni 6 waliguswa: majina, namba za utambulisho, anwani, mapato. Tofauti na kesi nyingi, zilifuata hatua zinazofaa kuigwa. Mamlaka ile iliweka huduma ambayo mwananchi aliweza kuitumia kujua kama taarifa zake ni miongoni mwa zilizovuja. Tume ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo iliipiga mamlaka ya mapato faini ya leva milioni 5.1, taasisi ya Serikali ikiadhibiwa na taasisi nyingine ya umma bila kuoneana haya. Kisha wananchi wakaenda mahakamani. Mmoja wao hakudai kwamba ameibiwa. Alidai leva 1,000 kwa hofu anayoishi nayo kwamba siku moja taarifa zake zitatumika vibaya, na kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 14 Desemba 2023 mahakama hiyo ikaamua kwamba hofu hiyo inaweza kuwa madhara yanayostahili fidia, na kwamba ni taasisi yenyewe inayopaswa kuthibitisha kuwa ulinzi wake ulikuwa wa kutosha. Mwananchi halazimiki kuthibitisha kwamba ulikuwa mbovu.

Sehemu hiyo ya mwisho naipenda sana. Mwananchi wa kawaida atajuaje mitambo ya ofisi ilikuwa imefungwa vipi? Anayejua ni mwenye mitambo, basi na aseme yeye.

Kwa mji wa watumishi kama huu wetu, kesi ya Marekani ya mwaka 2015 inatugusa zaidi. Ofisi inayoshughulikia watumishi wa Serikali Kuu ya nchi hiyo iliibiwa kumbukumbu za watu milioni 21.5 waliokuwa wamefanyiwa uchunguzi wa usalama ili wapate au waendelee na kazi. Fomu zile zinataka kila kitu: ulikoishi, madeni, magonjwa, marafiki, ndugu. Kati ya walioguswa, milioni 1.8 hawakuwa hata waombaji kazi; wengi wao walikuwa waume na wake wa waombaji. Na kulikuwa na alama za vidole. Mwanzoni ilisemwa ni za watu milioni 1.1, miezi michache baadaye idadi ikapandishwa hadi milioni 5.6. Serikali iliwalipia waathirika huduma ya kufuatilia kama kuna mtu anakopa kwa majina yao, lakini kwa vidole hakuna walichoweza kurudisha. Hesabu ya kwanza inayotangazwa baada ya uvujaji ni ya kupokea kwa tahadhari. Na mtumishi anayejaza fomu za siri anajaza pia maisha ya mwenza wake, ambaye hakuulizwa.

Uingereza mwaka 2007 hakukuwa na mdukuzi hata mmoja. Sahani mbili za kompyuta (CD) zenye taarifa za watu milioni 25 wa familia zinazopokea posho ya watoto zilipotea njiani zikipelekwa kwa wakaguzi. Kinachouma ni kwamba wakaguzi hawakuwa wameomba namba za akaunti za benki. Ofisi iliamua kutuma faili zima kwa kuwa kuchambua na kuondoa visivyohitajika kungegharimu fedha. Kila ninapoona fomu inayotaka kabila, dini na jina la babu ili mtu apate huduma isiyohusiana na kabila, dini wala babu, naikumbuka habari hiyo. Taarifa ambayo hukuikusanya haiwezi kukuponyoka.

India nayo, Januari 2018, gazeti la The Tribune liliripoti kwamba mwandishi wake alilipa rupia 500 kwa mtu aliyempata kupitia WhatsApp, na ndani ya dakika chache akapewa njia ya kuingia kwenye taarifa za watu waliosajiliwa katika mfumo wa Aadhaar, mfumo wa utambulisho wa watu zaidi ya bilioni moja. Hakuna ukuta uliovunjwa. Mlango ulifunguliwa na mtu aliyepewa ufunguo kwa kazi halali. Siku chache baadaye mamlaka ya utambulisho ya India ilitangaza utaratibu wa namba ya muda yenye tarakimu 16, ambayo mtu anaweza kuitoa badala ya namba yake halisi na kuibadilisha akitaka. Hicho ndicho ninachokiita kuinyima namba nguvu. Ukimpa wakala namba ya muda, kesho unaifuta, na aliyeinakili amebaki na tarakimu tupu.

Kwetu msingi wa kisheria upo, na hili ni la kushukuru. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria inawabana wote wanaokusanya na kuchakata taarifa, ofisi za umma zikiwemo. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumike nje ya lengo hilo. Inampa mwenye taarifa haki ya kujua kilichohifadhiwa juu yake, kurekebishiwa kilichokosewa, na kudai fidia akidhurika. Anayefichua taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10. Kampuni au shirika linaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 5. Na uvujaji ukitokea, mkusanyaji anatakiwa kuiarifu Tume bila kuchelewa.

Kuiarifu Tume ni lazima, lakini mimi nazungumzia taarifa inayomfikia mwenye namba. Hapo ofisi zetu zina mazoea mabaya. Mfumo ukipata hitilafu tunatangaziwa «maboresho». Ukizimika tunaombwa «uvumilivu». Nimewasikia maofisa, watu wazima na wenye nia njema, wakisema kutangaza uvujaji kutaleta taharuki na kuwashtua wahalifu. Naielewa hofu yao, ila hoja yenyewe haisimami. Wahalifu tayari wanazo taarifa. Hao ndio walioiba. Asiyejua ni mwenye mali peke yake. Na taharuki kubwa huzuka pale watu wanapoanza kupigiwa simu na matapeli wanaojua namba za viwanja vyao, kisha wakagundua kwamba ofisi ilijua tangu mwezi uliopita.

Tangazo linalofaa haliandikwi kwa lugha ya kujilinda. Linasema ni taarifa zipi hasa zimetoka, za watu wa huduma ipi, na kati ya tarehe ipi na ipi. Linasema zipi hazikutoka, maana kama nywila na alama za vidole vimesalimika, mwananchi anahitaji kulijua hilo ili alale. Linasema wazi: «Ofisi yetu haitakupigia simu kukuomba fedha wala namba ya uhakiki.» Lina namba moja ya kupiga bure, yenye mtu wa kupokea. Na kama hesabu bado haijakamilika, linasema haijakamilika na litaongezewa, jambo ambalo ni heshima kubwa kuliko kutaja idadi ndogo leo na kuipandisha kimyakimya baadaye.

Baada ya tangazo ndipo yafuate mabadiliko ya namna ya kumtambua mtu. Mtu anapopiga simu huduma kwa wateja kuomba laini irudishwe kwenye kadi mpya, au anapofika kaunta kubadilisha namba ya simu inayopokea malipo yake, asipite kwa kutaja vitu vilivyomo kwenye faili lililovuja. Kwa watu wa huduma iliyoguswa, mabadiliko ya aina hiyo yafanyike ana kwa ana, kidole kikisomwa pale pale mbele ya ofisa, na meseji iende kwenye namba ya zamani kabla namba mpya haijaanza kufanya kazi. Itachelewesha watu? Ndiyo, siku moja au mbili. Mstaafu aliyepoteza malipo yake kwa mtu aliyejua tarehe yake ya kuzaliwa atahangaika muda mrefu kuliko huo.

Lipo na la ndani ya ofisi, na hapa naomba watumishi wenzetu wanivumilie. Nywila ya bosi aliyesafiri haipaswi kujulikana na ofisi nzima. Picha ya skrini yenye faili la mtu haipaswi kutumwa kwenye grupu la WhatsApp ili «mwenye kulijua hili asaidie». Kila anayefungua faili aache alama ya jina lake na saa aliyolifungua, na alama hizo zikaguliwe. Estonia imekwenda mbele zaidi: mwananchi anaingia kwenye mfumo wa Serikali na kuona ni taasisi gani imeangalia taarifa zake na lini. Sisi tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyowekewa sheria yake tangu 2019, na vijana wanaohitimu fani za kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma kila mwaka. Sioni kwa nini jambo hilo liwe la Wazungu peke yao.

Wakati tukisubiri ofisi zifanye yake, mwananchi anaweza kupunguza madhara, na baadhi ya hatua hazigharimu chochote. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika, siyo kwa wakala wa barabarani, uitake iondolewe. Badilisha PIN ya pesa za simu, hasa kama umeweka mwaka wako wa kuzaliwa, kwa maana namba ya NIDA inaanza na mwaka huohuo. Weka uhakiki wa hatua mbili kwenye WhatsApp na barua pepe, na tarakimu sita za uhakiki zikija kwenye simu yako usimsomee mtu yeyote, awe anajiita ofisa, mchungaji au shemeji. Simu ya huduma kwa wateja wa mitandao yetu hutoka namba 100. Ikitoka namba ya kawaida, kata. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040. Mtandao ukipotea ghafla kwenye simu yako wakati wa jirani yako upo, usikae kusubiri urudi: azima simu yenye laini ya mtandao huohuo upige 100 mara moja, maana huenda laini yako imeshahamishiwa kwenye kadi ya mtu mwingine.

Kwenye nakala ya kitambulisho, andika kwa peni juu ya picha, bila kuziba sura, ni kwa ajili ya nini na tarehe: «Kwa maombi ya kiwanja tu», na sahihi yako. Nakala ya namna hiyo ni ngumu kuipeleka kwingine. Steneshenari, kabla hujalipa, mwombe kijana afute mafaili yako na kuyaondoa hata kwenye kapu la takataka la kompyuta, ukiwa umesimama hapo. Hakuna ufidhuli katika hilo, na wengi wao ukiwaomba kwa staha wanafanya.

Ukianza kudaiwa mkopo usioujua, usinyamaze kwa aibu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na nyingi ya aina hii huishi kwa kuwaaibisha watu mbele ya ndugu na mabosi wao. Nenda polisi uchukue RB, yaani karatasi ya kwamba umeripoti, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha siku uliyolalamika. Omba ripoti yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu uone kilichokopwa kwa jina lako. Kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kanuni za namna ya kulalamika zipo tangu 2023. Tunza meseji, piga picha skrini, andika namba zilizokupigia na saa.

Yote hayo yanamfaa mwenye simu janja na nauli ya kwenda mjini. Bibi wa Bahi au Chemba anayepokea ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwenye simu ya batani yuko kwenye kanzidata zilezile, na tangazo lililowekwa kwenye tovuti halitamfikia. Kila kijiji kina mkutano mkuu wake kila baada ya miezi mitatu, na hata ukihitajika wa dharura mtendaji anajua kuuitisha. Uvujaji ukigusa watu wa vijijini, tangazo lisomwe huko, kwa Kiswahili cha kawaida na Kigogo au Kirangi panapohitajika, na likarudiwe redioni. Asitumwe mtendaji kulisoma peke yake. Ofisi iliyopoteza taarifa ipeleke ofisa wake, na mashine ya kusoma vidole, akae pale siku nzima akiwakagulia watu laini zilizosajiliwa kwa majina yao na kuorodhesha zisizo zao, na nauli na posho ya safari hiyo vitoke kwenye bajeti ya ofisi hiyo.